Msiisingizie Kabureta

Peleka Yamaha AG100 au DT125 iliyonoki kwenye gereji yoyote kati ya Sirari na Mugumu, na hukumu utasomewa kabla hujaishusha kwenye kirikuu. Fundi anainama, anaona kabureta haifanani na ile ya kiwandani, anatikisa kichwa. "Mura, hii uliinunua dukani?" Ukikubali tu, kesi imekwisha. Utaambiwa kabureta za dukani hazitengenezeki, hazishiki sailensi, hazina kipimo, na kwamba injini ya mipigo miwili ikishafungwa kabureta isiyo yake imeshaandikiwa kifo. Dawa ni kutafuta orijino. Kwa pikipiki ambazo spea zake zimeadimika, hiyo ni njia ya adabu ya kukwambia ukauze chuma chakavu.

Maoni haya wanayo mafundi, wanayo wenye pikipiki, na wanayo hata wauza spea, wanaokuuzia kabureta huku wakinong'ona kwamba ni ya kusogezea siku tu. Mimi nayakataa. Kabureta ya dukani, pamoja na kasoro zake, huwekwa sawa kwa mchana mmoja na jeti chache za kubadilisha. Kinachoua injini hizi ni kubana mafuta, na kubana huko kulikuwa kukiziua hata zilipokuwa na kabureta zilizozaliwa nazo. Siku hizo hapakuwa na mgeni wa kusingiziwa, basi.

Tuutazame ubanaji wenyewe. Mwenye pikipiki analalamika kwamba inakula mafuta. Fundi anafungua kabureta, anashusha sindano pini moja, anaweka jeti ndogo zaidi, anachezea skrubu mpaka mlio unakuwa mkali na mkavu. Pikipiki inatoka pale nyepesi, ukigusa mkono wa mafuta inaitika, moshi wa buluu umepungua. Kijiwe kizima kinamsifu fundi. Siku moja, mlimani, ikiwa na gunia la mahindi na abiria juu yake, inapoteza nguvu ghafla, mlio unabadilika, tairi la nyuma linasimama na kuburuza: imenoki. Dereva hodari anakamata klachi kwa wakati. Asiye hodari anaokotwa kwenye mtaro.

Injini ya mipigo minne husamehe ubanaji kwa muda mrefu, kwa sababu oili yake inakaa chini, ina pampu yake na njia zake, haiitegemei petroli kwa lolote. Boxer, TVS na pikipiki za Kichina zilizojaa vijiwe vyetu zimewalea mafundi wetu katika msamaha huo. Mipigo miwili haina msamaha. Petroli inaingia kwanza chini, kwenye krenki, ikiwa ni umande uliochanganyika na oili. Inagusa beringi, inagusa tumbo la pistoni, inageuka mvuke na kuondoka na joto. Ndipo inapopanda juu kuchomwa. Petroli ileile inawasha, inapoza, na pale ambapo oili imechanganywa kwenye tangi, inalainisha. Ukiipunguza umepunguza vyote. Kichwa cha pistoni kinapata joto, alumini inatanuka kuliko chuma cha bloku, nafasi nyembamba iliyokuwepo baina yao inakwisha, na oili iliyotakiwa kuwepo pale imekuja pungufu. Hapo kabureta ifanye nini?

Kwenye karatasi, petroli gramu 1 huungua kikamilifu kwa hewa ya gramu 14.7. Injini ndogo ya mipigo miwili inayopozwa na upepo, ikiwa imebeba mzigo, inataka hewa kati ya gramu 12 na 13 kwa kila gramu ya petroli. Ile ziada ya petroli ndiyo fundi anayoiita upotevu. Haipotei, inafanya kazi ya kupoza. Kuikata ili kuokoa fedha ni kama kumnyima ng'ombe maji ili usichoke kumpeleka mtoni.

Na fedha zenyewe ni kiasi gani? Tuseme pikipiki inatumia lita 3 kwa kilomita 100, na tuseme fundi ni bingwa kweli, amepunguza asilimia 5. Umeokoa mililita 150, haifiki nusu ya chupa ya soda. Kwa kilomita 1,000 ni lita moja na nusu. Weka hiyo upande mmoja wa mizani. Upande wa pili weka pistoni mpya, seti ya ringi, kuchonga bloku, gasketi, ujira wa fundi huyohuyo, na siku ambazo mwenye pikipiki, tuseme afisa mifugo, anakwenda kuchanja ng'ombe kwa miguu. Naelewa bei ya mafuta inauma. Inauma kila mtu. Lakini anayebana pikipiki ya mipigo miwili anakopa, na riba yake haijulikani mpaka siku ya kulipa.

Sasa tuje kwenye kabureta ya dukani yenyewe, maana hapa ndipo wanaoilaumu wanapojifunga kwa kamba zao.

Mara nyingi kabureta inayopatikana dukani haina mdomo sawasawa na ile ya zamani. Tuchukue mfano: iliyotoka ilikuwa na mdomo wa milimita 20, iliyopatikana ni ya milimita 24. "Milimita nne tu," anasema muuzaji. Piga hesabu ya eneo, si ya upana. Mdomo wa 20 una eneo la milimita za mraba 314. Wa 24 una 452. Huo ni ukubwa zaidi kwa asilimia 44. Injini ni ileile, inavuta hewa ileile, kwa hiyo upepo unaopita kooni unapungua kasi mpaka asilimia 69 hivi ya ile ya mwanzo. Na petroli haipandi kutoka kwenye bakuli kwa kitu kingine ila kasi hiyo. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi, aliyefariki mwaka 1822, ndiye ambaye koo hilo la kabureta linaitwa kwa jina lake: pale njia inapobana, hewa inakimbia, na pale inapokimbia mbinyo wake unashuka, petroli inanyonywa. Kasi ikishuka mpaka asilimia 69, mvuto unabaki chini ya nusu, na jeti ileile inatoa petroli pungufu kwa karibu asilimia 30. Hesabu hii nimeirahisisha, injini halisi ina vituko vyake, lakini mwelekeo wake hauna ubishi: kabureta kubwa inataka jeti kubwa.

Fundi wetu anafanyaje? Anaichomoa jeti ya kabureta ya zamani, anaifunga kwenye mpya, "ili ibaki na kipimo chake cha kiwandani." Anafanya hivyo kwa nia njema kabisa, na kwa nia njema hiyo ameinyima injini karibu theluthi moja ya petroli yake. Jeti iliyokuja na kabureta mpya, ambayo ingalau ilikuwa jirani na ukweli, iko ndani ya kopo la skrubu chini ya benchi. Injini inanoki baada ya majuma machache na fundi anatoa ushahidi mahakamani: si niliwaambia, kabureta za dukani hazina kipimo!

Ataleta hoja ya pili: lakini namba ya jeti ilikuwa sawa. Namba sawa na nini? Jeti kubwa za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita huhesabiwa kwa wingi wa mafuta yanayopita. Za Keihin huhesabiwa kwa upana wa tundu. Mia moja ya huyu si mia moja ya yule. Waigaji wa viwanda visivyo na jina huchapa namba wanazotaka. Namba ni ya kukuonyesha upande wa kwenda, ukitaka kubwa zaidi au ndogo zaidi kutoka kwenye boksi moja. Zaidi ya hapo haina ushahidi.

Bado hatujamtaja mwenye kuchokonoa jeti kwa waya wa kebo ya breki. Shaba ya jeti ni laini. Tundu la milimita 1.00 likipanuka likawa 1.10, macho hayaoni, lakini eneo limeongezeka kwa asilimia 21. Sasa pikipiki inakunywa kweli. Mwenye nayo analalamika, na dawa atakayopewa tunaijua: ibane. Itabanwa kwenye sindano na kwenye skrubu, huku jeti kubwa ikiendelea kumwaga. Baada ya hapo pikipiki ina njaa kwenye nusu mkono na imevimbiwa kwenye mkono wote, na hakuna mtu duniani atakayeielewa bila kuanza upya. Jeti husafishwa kwa petroli na pumzi. Ikigoma, loweka.

Nimetaja skrubu, na hapa nina neno na mafundi waliokomaa kwenye mipigo minne. Kwenye kabureta ya Mikuni ya aina ya VM ambayo pikipiki hizi hutumia, skrubu ya pembeni iko upande wa eya klina, nyuma ya slaidi. Inapitisha hewa. Ukiifungua umeongeza hewa, yaani umebana. Kwenye pikipiki nyingi za mipigo minne skrubu iko upande wa injini na inapitisha mafuta. Ukiifungua umeongeza mafuta. Mkono uleule, bisibisi ileile, matokeo kinyume. Fundi anayefungua nusu mzunguko "ipate mafuta kidogo, isije ikanoki" anaweza kuwa ndiye anayeinyonga. Hakuna shule inayohitajika hapa. Angalia skrubu iko upande gani wa slaidi, kisha ndiyo uiguse.

Hata ukiipatia, skrubu hiyo inatawala sehemu ndogo sana ya safari: mkono ukiwa umefungwa au umefunguliwa chini ya moja ya nane. Ukipita hapo, mkato wa slaidi unashika. Kutoka robo mpaka robo tatu ni sindano. Robo tatu mpaka mwisho ni jeti kubwa. Kwa hiyo ule utamaduni wetu wa kuisimamisha pikipiki kwenye stendi, kupiga resi mara tatu, kusikiliza sailensi ikitulia kisha kumlipa fundi, unapima kitu ambacho hakitakuua na kuacha kitakachokuua. Sikio la fundi mzuri nalivulia kofia. Anasikia beringi inayoanza kuchoka, anasikia ringi iliyovunjika. Lakini jeti kubwa iliyo ndogo haisikiki kijiweni, kwa sababu kijiweni hakuna mlima.

Mlima uko kwingine, na hapa jiografia ya wilaya zetu mbili, Tarime na Serengeti, inajibu maswali mengi ambayo yanabebeshwa kabureta. Mtu wa Tarime anayepanda kutoka bonde la Nyamongo kwenda Nyamwaga akiwa na mzigo anaweka gia ya pili, anafungua mkono mpaka mwisho, anakaa hapo. Maisha ya injini yake yanategemea jeti kubwa. Mtu wa Serengeti anayetoka Mugumu kwenda Nata, au akakata kwenda Robanda na Fort Ikoma, anasafiri nchi iliyolala; mkono unakaa nusu siku nzima; huyo anaishi kwa sindano. Masika yakiingia na udongo mweusi ukishika tairi, anakwenda gia ya kwanza, mkono robo, injini inachemka na upepo wa kuipoza hakuna. Pikipiki ni moja, kabureta ni moja, lakini sehemu zinazofanya kazi ni tofauti.

Ndiyo maana wa Mugumu anaweza kufunga jeti kubwa iliyobanwa, akakaa nayo msimu mzima bila kuadhibiwa, kisha akamshauri shemeji yake wa Nyamwaga: fanya kama mimi, mbona yangu ipo. Shemeji anafanya, ananoki kwenye mpando wa kwanza wa maana, na wote wawili wanakubaliana kwamba kabureta ya shemeji ilikuwa feki.

Kuna pia noki ya kushuka, ambayo watu wengi hawaamini kama ipo. Unateremka mteremko uleule ulioupanda, mkono umeufunga, gia inaishikilia pikipiki, injini inazunguka kwa kasi kubwa. Slaidi imefungwa, petroli haiji. Kama oili yako imo ndani ya petroli, nayo haiji. Pistoni inakimbia kavu. Dereva anafika chini, anafungua mkono, injini inakamata, naye anaapa kwamba alikuwa "anateremka tu." Ni kazi ya mkono wa kushoto: shika klachi, au uguse mafuta kidogo kila baada ya muda. Kabureta ya dhahabu isingekusaidia.

Kisingizio kingine kinachopendwa ni hewa ya milimani. Utasikia kwamba kabureta ya dukani ilipimwa Musoma, ikipandishwa Tarime inachanganyikiwa. Haya, tupime. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tarime mjini ni takriban mita 1,500. Kwa tofauti hiyo hewa inapungua uzito kwa asilimia 4 na kidogo, na mchanganyiko unaongezeka utajiri kwa asilimia 2 hivi. Sasa linganisha alfajiri ya nyuzi 15 na mchana wa nyuzi 30 mahali palepale: hewa inatofautiana kwa asilimia 5. Kwa maneno mengine, anayeamka na kuondoka Tarime asubuhi na kurudi mchana ameibadilishia kabureta yake hewa kuliko aliyeihamisha kutoka Musoma. Tena urefu wa kwenda juu unaongeza mafuta kwa hewa, haubani. Kabureta iliyopimwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ikiletwa Tarime itakuwa tajiri kwa asilimia 7 hivi: itatoa moshi, plagi itakuwa nyeusi, utapunguza jeti saizi moja au mbili na yamekwisha. Mlima haunokishi injini. Anayepaswa kuogopa hewa ni yule aliyepima pikipiki saa nane mchana, akaibana mpaka mwisho, kisha akaipanda mlimani alfajiri, hewa ikiwa nzito.

Vijana nao wana lao. Wanang'oa eya klina "ili ipumue". Wanakata ekzosi ili ilie. Halafu kabureta inaulizwa kwa nini haitulii. Kuhusu eya klina sitasema mengi, vumbi la barabara ya kwenda Ikoma linajieleza lenyewe. Atakayeing'oa amefungua njia ya hewa, amebana mchanganyiko, na amekaribisha mchanga kwenye ringi. Ekzosi ndiyo inayonikera. Kwenye mipigo minne ekzosi ni bomba la kutolea moshi. Kwenye mipigo miwili ni kiungo cha injini. Miaka ya 1950, mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, alilichonga lile tumbo pana la ekzosi kiasi kwamba mawimbi ya mbinyo yanarudi nyuma na kuusukuma ndani ya silinda mchanganyiko mbichi uliokuwa unatoroka. Maarifa hayo yalikuwa na thamani kiasi kwamba mwaka 1961 dereva wake, Ernst Degner, alipotoroka na kuhamia Suzuki, aliondoka nayo. Mwaka 1962 akawapa Suzuki ubingwa wa dunia wa pikipiki za sisi 50. Leo kijana anaikata kazi hiyo kwa msumeno mbele ya duka la vocha. Ukishaikata, kipimo chochote cha kabureta ulichokuwa nacho kimekufa.

Oili inahitaji kituo kirefu zaidi, kwa sababu hapa kabureta ya dukani inaleta tatizo la kweli ambalo wanaoilaumu hawalioni. Yamaha walianza kutumia mfumo wa Autolube mwaka 1964: oili ina tangi lake, ina pampu yake, na pampu inaongozwa na kebo inayotoka kwenye mkono huohuo wa mafuta. Kebo moja inagawanyika. Tawi moja linakwenda kuinua slaidi, jingine linakwenda kufungua pampu. Ukifunga kabureta nyingine ambayo slaidi yake inapanda zaidi au inapanda kidogo, matawi mawili yamepoteza uwiano. Mkono uko nusu, pampu inadhani uko robo. Injini inapata petroli ya mlimani na oili ya kijiweni. Alama za kulinganisha zipo pale pale kwenye pampu, na skrubu ya kurekebisha kebo ipo. Kazi ya dakika kumi. Ni gereji ngapi zinaigusa?

Nyingi zinachagua kuing'oa pampu kabisa na kumwambia mwenye pikipiki achanganye kwenye tangi. Si dhambi, ila chombo cha kupimia kiwepo. Moja kwa hamsini ni mililita 20 kwa lita. Moja kwa ishirini na tano ni mililita 40. "Mimina tu kidogo" si kipimo. Wapo pia wanaoamini kwamba oili nyingi ni usalama, wanamimina mara mbili, kisha wanabana jeti kupunguza moshi. Oili ikizidi imechukua nafasi ya petroli ndani ya kila tone linalopita kwenye jeti. Kwa hiyo wamebana mara mbili, kidogo kwa oili na sana kwa jeti, huku wakijiona waangalifu.

Petroli yenyewe tuipite haraka. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka kinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umekithiri, na petroli ya chupa inayouzwa kando ya njia haina anayeijibia. Iliyochanganywa na mafuta ya taa inaungua ovyo, inapiga pistoni kwa nyundo ya ndani. Kama umejaza hiyo, usimkabe fundi wala kabureta.

Naijua hoja yao yenye nguvu, na siikwepi: kabureta nyingi za dukani ni mbovu kweli. Ndiyo. Nyingine zina slaidi inayocheza mpaka hewa inaingia pembeni. Nyingine floti imekaa juu sana, mafuta yanamwagika kwenye bomba la chini. Nyingine imekaa chini, injini inakosa mafuta kwenye mpando mrefu. Nyingine nido ya floti haizibi. Lakini kasoro hizi zote zinaonekana juu ya meza, kabla ya kufunga, kwa macho na rula. Kabureta yenye slaidi inayocheza inarudishwa dukani, haifungwi. Floti inapindwa ulimi wake mpaka ikae sawa. Anayeifunga bila kuifungua hata mara moja, kisha ikamsumbua, amenunua kwa macho yaliyofumba. Na kuhusu utukufu wa orijino, tusisahau kwamba Mikuni wenyewe walianza kutengeneza kabureta mwaka 1932 kwa leseni ya Amal ya Uingereza. Orijino ya leo ilikuwa ya kuazima jana. Kinachofanya kabureta iwe ya injini yako ni kupimwa kwenye injini yako.

Kupima kwenyewe hakuna uchawi, ila kuna utaratibu. Hakikisha kwanza mpira unaoshika kabureta haujapasuka na sili za krenki haziingizi hewa. Pikipiki ambayo resi inachelewa kushuka ukiachia mkono, au inapanda yenyewe, inavuta hewa mahali, na usiguse jeti mpaka umepaona. Kisha anza na jeti kubwa kuliko unayoidhania. Injini iliyozidishiwa mafuta inakohoa, inatoa moshi, inachafua plagi, haifi. Iliyopungukiwa inakwenda vizuri mpaka dakika ya mwisho. Shuka saizi moja moja.

Funga plagi mpya, panda mlima mkono ukiwa wazi mpaka mwisho, na ukiwa bado juu ya mafuta kamata klachi, zima injini hapohapo, simama, fungua plagi. Usirudi nayo gereji ikinguruma kwa sailensi, maana hapo utakuwa umesoma barua ya sailensi. Nyeupe: umebana, ongeza leo, si kesho. Nyeusi yenye majimaji: punguza. Rangi ya chokoleti: acha. Rudia kwa mkono nusu, ukihamisha pini ya sindano. Skrubu ya hewa ni ya mwisho kabisa. Mafundi wetu huanza nayo na kuishia nayo.

Chuo cha VETA kipo Musoma. Naomba walimu wake wa ufundi magari wawe na kabureta moja ya mipigo miwili juu ya benchi, na boksi la jeti, na wawapeleke vijana mlimani na plagi mkononi kabla ya kuwapa cheti. Wauza spea wa Tarime na Mugumu, wekeni jeti dukani pamoja na kabureta. Kabureta bila jeti za kubadilisha ni nusu ya bidhaa. Na wewe mwenye pikipiki, siku injini yako ikinoki, kabla hujakubali kuilipia kabureta nyingine muulize fundi maswali mawili: umefunga jeti namba ngapi, na plagi uliyoisoma mlimani ilikuwa na rangi gani? Kama hana jibu la lolote kati ya hayo, ichukue pikipiki yako na umpelekee fundi mwingine.